KIMYA CHA OFISI SI KIBALI

Usiku wa Alhamisi, Februari 1, 2024, mtaa wa Mradi katika eneo la Embakasi, Nairobi, uligeuka tanuri. Gesi ya kupikia iliripuka mahali ilipokuwa ikihifadhiwa na kujazwa, moto ukaruka juu ya mapaa, na mitungi ikawa inarushwa huku na huku. Watu kadhaa walipoteza maisha, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na maghala, magari na nyumba za watu vikateketea.

Kulipopambazuka, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilitoa taarifa. Ilisema kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yalifikishwa kwake mara tatu katika mwaka 2023: mwezi Machi, mwezi Juni na mwezi Julai. Mara zote tatu yalikataliwa. Sababu zilizotajwa ni kwamba michoro haikutimiza umbali wa usalama uliowekwa, na kwamba watu wengi mno wanaishi karibu na hapo. Siku chache baadaye ikabainika kuwa mamlaka nyingine ya serikali, ile ya mazingira, NEMA, ilikuwa imekwisha kuutolea mradi huo huo leseni tangu Februari 2023. NEMA yenyewe ilikiri kuwa leseni hiyo haikutolewa kwa utaratibu unaostahiki, na maafisa wake wanne wakasimamishwa kazi.

Hebu tulitafakari jambo hili kwa utulivu, bila ya kubabaishwa na kelele za wanasiasa. Hizi ni ofisi mbili za serikali moja, zilizomo katika mji mmoja, na kiwanja kinachozungumzwa ni kimoja. Moja imesema hapafai, tena imesema mara tatu kwa maandishi. Nyingine imesema panafaa. Hakuna barua ya ile ya kwanza iliyoigutusha ile ya pili ikaiondoa leseni yake kabla ya moto. Hakuna mtu mmoja katika serikali nzima ambaye meza yake ilikuwa na karatasi zote mbili, akaulizwa: vipi mambo haya mawili yanapatana?

Wengi walilaani rushwa, na rushwa yastahiki kulaaniwa. Lakini tukiishia kwenye kulaani rushwa tutakuwa tumeuacha mlango wazi. Afisa mla rushwa hufukuzwa akaja mwingine. Mlango anaopitia ni utaratibu wenyewe wa namna maombi ya ujenzi yanavyopelekwa kutoka kwa kaunti hadi kwa taasisi nyingine, na namna majibu yanavyorudi, au yasivyorudi. Huo ndio mlango tunaotaka kuuzungumza katika makala hii, kwa kuwa haupigiwi kelele na mtu yeyote, nao ndio unaoua.

NJIA YA FAILI

Tangu Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kupanga miji na kuidhinisha majengo imekabidhiwa kaunti. Mtu anayetaka kujenga nyumba ya kupangisha, duka, kituo cha mafuta au madrasa, hupeleka michoro yake iliyotayarishwa na msanifu na mhandisi kwa kaunti na kulipa ada. Ikiwa kiwanja kilikuwa cha makazi naye anataka kukifanya cha biashara, huomba pia kubadilisha matumizi ya ardhi.

Lakini afisa mipango wa kaunti hana elimu ya kila kitu. Hajui nguvu ya maji ya mto unaopita nyuma ya kiwanja. Hajui ndege zinazotua Wilson au Moi zinahitaji anga tupu kiasi gani. Hajui mtungi wa gesi wa ukubwa fulani ukiripuka utafika wapi. Kwa hiyo maombi hupelekwa kwa wenye elimu hiyo: zimamoto, afya ya umma, barabara, mazingira, rasilimali za maji, usafiri wa ndege, kawi, kila mmoja kwa kadiri ya jambo linalomhusu. Sheria ya zamani ya mwaka 1996 iliwaruhusu mabaraza ya miji kutaka ushauri huo, na Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeendelea na msingi huo huo wa kuzishirikisha taasisi husika.

Msingi huo ni mwema. Asiyejua kumuuliza anayejua ni adabu ya kila kazi, na ni jambo ambalo Muislamu ameamrishwa. Ugomvi wetu hauhusu kuuliza. Unahusu jinsi swali linavyopelekwa, jinsi linavyojibiwa, na mahali jibu linapotupwa baada ya kupatikana. Hapo pana maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake.

RADHI YA KWANZA: KIMYA

Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya cha ofisi ni jengo lililoanguka.

Barua inapelekwa kwa taasisi, haijibiwi. Inapelekwa ya pili, haijibiwi. Muombaji anaambiwa arudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Sheria ya mwaka 2019, kwa kumhurumia muombaji, imesema kuwa asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Nia ya kanuni hiyo ni njema: kumkinga mwananchi na uvivu wa ofisi. Mtu aliyekopa fedha za kujenga hawezi kungoja miaka miwili huku riba ikimla, akiwa ni katika waliotumbukia kwenye mikopo hiyo.

Lakini tazama kanuni hiyo inavyofanya kazi pale ambapo jambo ni la hatari. Anayeomba kuongeza choo na jiko katika nyumba yake na anayeomba kujenga ghorofa 12 wote wanaangukia kipimo hicho hicho cha siku 60. Kimya kinachomwokoa wa kwanza kinaweza kuwaua wapangaji wa wa pili. Na afisa asiyetaka kuandika "nimekubali" kwa kuogopa kuulizwa siku ya maafa, wala kuandika "nimekataa" kwa kuogopa simu ya mkubwa, amepewa njia ya tatu iliyo rahisi kuliko zote: anyamaze. Siku zipite. Jengo lijengwe. Na siku likianguka, saini yake haipo popote.

Je, hii si khiyana? Mtu amewekwa katika kiti, analipwa mshahara kutokana na kodi ya maskini, kazi yake ni kusema ndiyo au hapana, naye hasemi. Kazi ni amana, na kunyamaza pale ambapo umewekwa useme ni kuivunja amana hiyo sawasawa na aliyeiuza kwa fedha.

RADHI YA PILI: MHURI USIO NA MANENO

Wako wanaojibu, lakini jibu lao ni mhuri na saini tu, au ni maneno mawili: "hakuna pingamizi", au "haikuidhinishwa". Hakuna anayeeleza alitazama nini, alipima kwa kipimo gani, na kama aliyekataa anakataa moja kwa moja au anataka marekebisho. Muombaji anabaki anabahatisha. Na penye kubahatisha huzaliwa dalali. Yule kijana anayezunguka nje ya ofisi za kaunti na bahasha, anayejua "mtu wa ndani", hakuzaliwa na tamaa yake peke yake. Amezaliwa na giza lililoachwa na ofisi. Kama sababu zingeandikwa wazi, angekuwa hana cha kuuza.

Tena si hiari ya ofisi kutoa au kutotoa sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa uhalali na kwa uadilifu, na kimempa yule ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kukitilia nguvu kifungu hicho. Kwa hiyo afisa anayegonga mhuri bila ya maelezo hamfanyii mtu hisani anapomweleza kwa mdomo koridoni. Anamnyima haki yake, kisha anamuuzia kipande chake.

RADHI YA TATU: MAJIBU YASIYOKUTANA

Hili ndilo kubwa, na ndilo lililoonekana Embakasi. Taasisi zinajibu, tena kwa maandishi, lakini kila moja inajibu katika chumba chake. Mwenye mradi mbaya hahitaji majibu yote yawe mazuri. Humtosha moja lenye mhuri, akalitundika ukutani.

Mfano mwingine ni wa mito. Agosti 2018 serikali ilibomoa majengo makubwa jijini Nairobi kwa kusema yamejengwa juu ya njia ya mto. Miongoni mwayo lilikuwamo jengo la maduka la Southend katika barabara ya Lang'ata, na lile la Ukay kule Westlands. Wenye majengo walisimama wakisema walikuwa na vibali. Watu wakagawanyika: hawa wakisema matajiri wameadabishwa, wale wakisema serikali imedhulumu. Wachache waliuliza swali lenye maana zaidi: jengo la ghorofa kadhaa lilisimamaje ukingoni mwa mto mchana kweupe, kwa miaka, na ofisi zote zikiwa zinapita barabara hiyo hiyo?

Sehemu ya jibu imo katika vitabu vya kanuni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zilizuia ujenzi kwa upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, kila upande, kupimwa kutoka pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika. Kanuni za upangaji za mwaka 1998 zilikuwa zikisema hifadhi ya mto isipungue mita 10. Sasa mtu ana kijito cha upana wa mita 7. Kwa kanuni za mazingira akae mbali mita 7. Kwa kanuni za upangaji akae mita 10. Na pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika ni wapi? Alipima nani, mwaka gani, na alama imewekwa wapi? Afisa wa kwanza anaweza kusema yuko sawa, wa pili akasema amevuka, na wote wawili wakawa wakweli kwa vitabu vyao. Katika hali hiyo mwaminifu hupotea, na mjanja huchagua kitabu kinachomfaa.

Waswahili walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa hata kuzozana hakuna, kwa kuwa manahodha hawajui kuwa wenzao wamo chomboni.

NANI ANAYELIPA?

Usiku wa Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi. Waliokufa hawakupungua 49. Nyumba ilikuwa karibu na mto, na baada ya maafa viongozi walisema kuwa haikuwa na idhini na kwamba ilikwisha kuhesabiwa miongoni mwa zinazopaswa kubomolewa. Yaani ilijulikana. Habari ilikuwamo ndani ya serikali. Haikufika tu kwa mtu mwenye uwezo na wajibu wa kuwatoa watu usiku ule.

Mwaka 2024 mvua za masika zikaua zaidi ya watu 200 nchini, na serikali ikaamrisha wanaoishi ndani ya mita 30 za mito wahame. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Waliobomolewa ni wapangaji na wenye vibanda vya mabati, wasiokuwa na ramani wala wakili. Hao ndio wanaolipa deni la kila barua isiyojibiwa. Afisa aliyenyamaza hakai ukingoni mwa mto. Mwenye jengo hakai ndani ya jengo lake. Anayekaa humo ni mama wa watoto wanne aliyepata chumba kwa bei anayoimudu, ambaye hakuwahi kuulizwa lolote na wala hajui kuwa nyumba yake ilikuwa na faili.

WANAOSEMA TAASISI ZIPUNGUZWE

Wapo watakaotujibu kuwa dawa ni kuziondoa taasisi hizi njiani. Wanasema kila taasisi ni kizuizi, kila kizuizi ni bahasha, na kila bahasha inapandisha kodi ya nyumba. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Ni kweli kwamba ucheleweshaji una gharama, na gharama hiyo mwishowe humwangukia mpangaji. Wala si Kenya peke yake inayoyazungumza haya. Machi 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kupunguza idadi ya taasisi ambazo mabaraza lazima yaziulize kabla ya kutoa idhini ya ujenzi, ikitaja zile za michezo, za majumba ya tamthilia na za bustani za kihistoria.

Lakini nchi hiyo hiyo ina funzo jingine ambalo wapunguzaji hawalitaji. Juni 14, 2017, jengo la Grenfell mjini London liliwaka moto na watu 72 wakafa, wengi wao wakiwa ni ndugu zetu Waislamu, katika mwezi wa Ramadhani. Baada ya hapo, kuanzia Agosti 1, 2021, mabaraza ya Uingereza yalilazimishwa kumuuliza msimamizi wa usalama kuhusu moto kabla ya kuidhinisha nyumba za makazi zenye urefu wa mita 18 au ghorofa 7 na zaidi. Yaani waliongeza muulizwaji, kwa kuwa walizika watu. Anayetaka kupunguza waulizwaji na atueleze kwanza ni maiti wa nani walioongeza kila mmoja wao. Pengine atakuta taasisi moja au mbili ambazo kuziuliza hakuna faida, na hizo ziondoke. Lakini zimamoto, maji na kawi si za kuondolewa. Ni za kulazimishwa zijibu.

Wengine watasema: maafisa ni wachache na maombi ni mengi. Hili nalo ni kweli, na ni hoja ya kupanga kazi vizuri zaidi, si ya kunyamaza. Daktari mwenye wagonjwa wengi hutenganisha mwenye mafua na mwenye kutokwa damu. Hawaachi wote barazani mpaka siku 60 zitimie.

WALIYOYAFANYA WENGINE

Hekima huchukuliwa popote ilipo, na katika jambo hili kuna nchi zilizokwisha kujaribu.

Uingereza, taasisi inayoulizwa na baraza ina siku 21 za kutoa jibu lenye maana, na sheria imeeleza jibu lenye maana ni lipi. Ni moja katika manne: kwamba haina la kusema, kwamba imeridhika, kwamba muulizaji atazame mwongozo wa kudumu uliokwisha kutolewa, au kwamba inatoa ushauri, nao huu hapa. Kunyamaza hakumo katika manne hayo. Kisha kila mwaka taasisi hizo hutakiwa kumpelekea waziri ripoti inayoonyesha zimetimiza muda kiasi gani. Ule mwongozo wa kudumu ni jambo la busara kubwa. Kwa maombi madogo yanayofanana, kama nyumba ndogo mahali penye hatari ndogo ya mafuriko, taasisi huandika masharti mara moja, na baraza huyatumia bila ya kutuma barua mpya kila siku. Hivyo mtaalamu hupata nafasi ya kuyatazama yale makubwa.

Huko Australia, jimbo la Queensland lilianzisha mlango mmoja tangu Julai 1, 2013. Maombi yanayogusa maslahi ya serikali ya jimbo, yakiwa ya barabara kuu, ya mazingira au ya urithi, huenda kwa ofisi moja. Ofisi hiyo ndiyo inayokusanya maoni ya wataalamu wa idara, kuyapatanisha, na kurudisha jibu moja. Idara mbili zikigongana, zinagongana ndani ya ofisi hiyo, juu ya karatasi, kabla ya tofali la kwanza. Kwetu sisi zinagongana baada ya mlipuko, mbele ya kamera.

TUNAYOYATAKA

Hatutoshelezwi na ahadi za "kuimarisha ushirikiano". Tunataka mambo yanayohesabika.

Kwanza, faili moja. Kila maombi yawe na faili moja ambalo kaunti na taasisi zote zinazohusika zinalisoma, na kila jibu liingie humo. Taasisi yoyote isitoe leseni yake kabla ya kuandika kuwa imesoma majibu ya wenzake. Ikiwa mmoja amekataa kwa sababu ya usalama, leseni za wengine wote zisimame mpaka sababu hiyo ijibiwe. Kanuni hii moja ingalikuwapo mwaka 2023, ile leseni ya Embakasi ingesimamishwa siku ambayo EPRA ilikataa kwa mara ya kwanza.

Pili, jibu la maandishi, lenye jina la afisa, tarehe, kipimo alichotumia na sababu. Na liwe ni moja katika aina chache zinazojulikana: sina la kusema, nimeridhika, nimeridhika kwa masharti haya, nimekataa kwa sababu hizi.

Tatu, kimya kitenganishwe. Kwa nyumba ndogo ya mtu na familia yake, kimya cha ofisi kisimzuie mwananchi. Lakini kwa gesi, mafuta, majengo marefu, na chochote kilicho ukingoni mwa mto, kimya kisiwe kibali kamwe, hata zikipita siku 600. Muda ukipita, faili lipande kwa mkuu wa taasisi, na jina la aliyelilalia liandikwe. Adhabu ya uvivu imwangukie mvivu. Isimwangukie muombaji, wala isimwangukie jirani. Hili linahitaji sheria ya mwaka 2019 irekebishwe, na wabunge tuliowapigia kura wanajua njia ya kufanya hivyo.

Nne, kipimo kimoja cha mto. Wizara na mamlaka zikae chini, zitoe umbali mmoja, kisha uchorwe katika ramani za kaunti na alama zipandwe ardhini, ili mnunuzi wa kiwanja aone kwa macho yake mpaka ulipo kabla ya kutoa fedha.

Tano, miongozo ya kudumu kwa maombi madogo, ili wataalamu wachache tulio nao wasimalizwe na karatasi za choo na ukuta wa ua.

Sita, hesabu ya wazi kila mwaka: kila taasisi ilipelekewa maombi mangapi, ilijibu mangapi kwa wakati, na mangapi iliyanyamazia. Zitundikwe katika ofisi za wadi na kupelekwa katika bunge la kaunti. Mtu asiyehesabiwa hulala.

WAJIBU WA JAMAA ZA MISIKITI

Ndugu zetu, haitakuwa uadilifu kuzinyooshea ofisi kidole na kuziacha kamati zetu. Ni misikiti mingapi na madrasa mangapi yameongezewa ghorofa juu ya ghorofa bila ya mhandisi kutazama nguzo, kwa hoja kwamba ni nyumba ya Allah na haihitaji ruhusa ya kaunti? Hoja hiyo ni batili. Zege halijui kuwa limebeba msikiti. Watoto walio katika madrasa ya juu ni amana ileile ya wapangaji wa Huruma. Kamati inayojenga na ipeleke michoro, ilipe ada, itake majibu kwa maandishi, na isitoe hata shilingi moja ya kufungulia faili. Fedha ya sadaka haiwezi kugeuzwa rushwa kisha tukatarajia baraka ndani ya jengo lililosimama juu yake.

Pili, tujifunze kuuliza. Sheria inamtaka anayeomba kujenga awatangazie watu wa mahali hapo na kuwaalika watoe mapingamizi yao. Tangazo hilo lisomwe baada ya Swala ya Ijumaa kama zinavyosomwa habari za maziko, kwa kuwa tukilipuuza la kwanza tutayasikia mengi ya pili. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kutaka habari zilizoko katika ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikiwa inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Basi pakionekana mitungi ya gesi inapangwa nyuma ya nyumba za watu, au nguzo zinapanda mahali ambapo mto ulipita mwaka jana, kamati ya msikiti iandike barua yenye maswali matatu: taasisi gani ziliulizwa, zilijibu nini, na nani alitia saini? Iombe nakala. Na asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti. Katika jamaa zetu wamo mawakili, wahandisi, wapima ardhi na walimu. Elimu yao ina zaka yake, nayo ni kulisoma faili la jirani asiyejua kusoma michoro.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni barua isiyojibiwa, na unaweza kuzibwa kwa kalamu, kwa jina la mtu na kwa kalenda. Viongozi wa kaunti na wa mamlaka hizi watakuja misikitini kwetu kutaka kura, na watakaribishwa kwa heshima kama wageni wote. Kila mmoja wao na aulizwe hapo hapo, mbele ya safu: katika mwaka uliopita ofisi yako ilipelekewa maombi mangapi, na mangapi uliyanyamazia? Asiyekuwa na jibu hajastahiki kukabidhiwa tena amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.